Podikasti iwe ya mteja aliyekwisha kununua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia mikorosho hapa Newala mjini, na ubavuni mwa karakana nina duka dogo la spea. Siku hizi magazeti, redio na wataalamu wa masoko wanatuhimiza wafanyabiashara wadogo tuanzishe podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kurekodi ambavyo mtu anavisikiliza kwa simu muda autakao, tujitangaze. Mwaka jana niliitwa hata kwenye semina ya jambo hilo mjini Mtwara, pamoja na wenye maduka ya pembejeo, wabanguaji wa korosho, wenye nyumba za wageni na vijana wa kuuza nguo. Waandaaji sitawataja, maana chai yao niliinywa.

Kwamba podikasti ina faida, hapo hatugombani. Ugomvi wangu ni mahali wanapotaka kuiweka. Wao wanaiweka barazani, ipige debe na kuvuta wapita njia. Mimi yangu nimeiweka uani, kwa mtu ambaye pesa yake nimeshaipokea na mashine yake iko kwake. Naomba nieleze sababu, kwa kuwa naona wenzangu wengi wako karibu kununua maikrofoni kwa hela ya mtaji.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine, nianze na mwaka wetu ulivyo. Mikorosho huanza kutoa maua kiangazi, mwezi wa sita na wa saba hivi, na hapo ndipo ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoharibu maua, unaposhambulia. Kwa hiyo kuanzia Mei hadi Septemba mashine zinanguruma mashambani tangu alfajiri, wakati majani yana umande na upepo umetulia, ili dawa yake, salfa ya unga, ishike. Korosho zikianza kuokotwa, inafuata minada ya vyama vikuu vya ushirika: kwetu TANECU, kwa jirani zetu wa Masasi MAMCU. Mkulima anapata fedha zake benki baada ya mzigo kuuzwa kwa stakabadhi ghalani. Sasa tazama hesabu hiyo kwa jicho la fundi. Mteja wangu anaihitaji mashine mwezi wa sita akiwa hana senti, na senti anazipata mwezi wa kumi na moja, wakati mashine imetupwa stoo na hana habari nayo. Katikati hapo tunapoteana miezi mingi. Tangazo la redio haliwezi kuziba pengo hilo. Litasema kuna fundi Newala, na hilo mteja wangu analijua tayari. Asilolijua ni kwamba petroli aliyoiacha kwenye tangi tangu Septemba inagandia ndani ya kabureta, na mwezi wa sita atakuja kuniambia, “Mwanangu, mashine yako imekataa.” Ikiwaka ni yake, ikikataa ni yangu.

Kazi yetu tunaifanya kwa masikio. Mtu akipiga simu kutoka Kitangari au Mkunya, kabla sijamuuliza lolote namwambia avute kamba na asogeze simu karibu na injini. Ikiwaka ikanguruma vizuri bila mzigo, kisha akiongeza mafuta ikazama na kuzimika, mara nyingi njia ya petroli kwenye kabureta imeziba, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi la salfa. Ikitoa mlio wa chuma kugonga chuma, namwambia aizime hapohapo na asivute tena, alete. Haya yote yalikuwa yanafanyika kwa simu, mteja mmoja mmoja, maneno yaleyale, hadi sauti inakauka. Ndipo mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma chuo, akasema: “Mjomba, wewe una podikasti tayari, ila unaisema upya kila siku.” Akanirekodia.

Kipindi cha kwanza kilihusu oili. Mashine hizi nyingi injini yake haina sehemu yake ya oili. Oili inachanganywa na petroli ndani ya tangi lilelile, na kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kama kitabu kinasema moja kwa ishirini na tano, basi kila lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili. Kama kinasema moja kwa hamsini, ni mililita 20. Watu wanakadiria kwa kizibo cha chupa, tena kila chupa na kizibo chake. Oili ikipungua, injini inanoki, yaani inakwama na kufa. Ikizidi, moshi unajaa shamba na plagi inalowa. Nilisema hivyo tu, kwa dakika nane, na katikati mpwa wangu akaweka mlio wa mashine iliyochanganywa sawasawa na mlio wa ile iliyokosewa. Jina la duka nilitaja mara moja, mwanzoni. Bei sikutaja hata moja.

Semina ilitufundisha kinyume chake. Tukae watu watatu mezani, maikrofoni zenye mikono, kamera pande zote, mgeni maarufu kutoka Dar es Salaam, mazungumzo ya saa nzima, kisha wasikilizaji waombwe kujiandikisha. Nikawa namuwaza mteja wangu wa Malatu. Saa nzima ya kumsikiliza mtu maarufu akieleza alivyoanza na mtaji mdogo ataitoa wapi, na bando je?

Suala la bando walilipita juu juu, na kwa huku kwetu ndilo kubwa. Sauti ya mtu anayeongea haihitaji ubora wa muziki. Ukiihifadhi kama MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, chaneli moja, kila dakika inakula takriban kilobaiti 480. Kipindi cha dakika nane hakifiki megabaiti 4. Kirekodi kwa video, faili litakuwa kubwa mara nyingi zaidi ya hapo, na mtu atalitazama jina lake kwenye simu bila kulifungua. Halafu wapo wenye simu za vitochi, ambao intaneti hawana kabisa lakini kadi ya memori wanayo, na kwenye kadi ya gigabaiti 2 zinaingia zaidi ya saa 60 za sauti ya namna hiyo. Pale karibu na stendi kuna kijana mwenye kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye kadi. Nilimpa vipindi vyangu vyote, na yeyote anayemwambia ana mashine ya kupulizia anawekewa bure pamoja na nyimbo zake. Malipo yake ni kwamba jenereta lake nalitengeneza mimi. Huo ndio mtambo wangu wa kurushia matangazo, na hakuna aliyeutaja semina.

Kurekodi kwenyewe hakuna ushirikina. Simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege ili usipigiwe katikati ya sentensi, ishike shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, kwa upande kidogo ili pumzi isiipige. Mimi narekodia stoo, kwenye magunia na matambara, kwa kuwa chumba kitupu chenye kuta za saruji kinarudisha mwangwi. Mvua ikianza kwenye bati, acha, kanywe chai. Mpwa wangu alitaka siku moja turekodie Shimo la Mungu, pale ukingoni unapoliona bonde la Ruvuma lote chini yako, ati kipindi kiwe na mandhari. Tulirudi na upepo mtupu, dakika nzima ya upepo. Kukata na kusafisha tunatumia Audacity kwenye kompyuta, programu isiyolipiwa.

Wenzangu wa semina waliambiwa kwamba hili ni jambo jipya kabisa. Si kweli sana. Kampuni ya John Deere ya Marekani, inayouza trekta na majembe, ilianza kuchapa jarida la wakulima mwaka 1895, na linatoka mpaka leo. Humo mkulima anasoma habari za kilimo, wala si orodha ya bei. Miaka ya 1930 makampuni ya sabuni ya hukohuko Marekani yakawa yanagharimia michezo ya redio ya kila siku kwa akina mama wa nyumbani. Podikasti yenyewe ilipata jina mwaka 2004, na 2005 kampuni ya Apple wakaiingiza kwenye iTunes, programu yao ya muziki. Kilichobadilika ni gharama: zamani ulihitaji kiwanda cha uchapaji au kituo cha redio, leo fundi wa Newala anahitaji stoo yenye magunia.

Na sisi tulikuwa na yetu. Watu wa umri wangu wanazikumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu alijaza majina ya watu wake, akaipeleka posta, kisha akawa anakaa jirani na redio siku hadi siku akisubiri kusikia jina lake. Kile kitu kilikuwa na nguvu ambayo hawa wataalamu wanaitafuta kwa maneno makubwa kama “ushirikishwaji wa wateja”. Mimi nimekirudisha. Mwisho wa kila kipindi nataja vijiji vilivyoniletea maswali wiki hiyo: Mkunya, Kitangari, Mahuta kule Tandahimba, Chiungutwa upande wa Masasi. Mara nyingine naweka swali lenyewe kwa sauti ya aliyeuliza. Mama mmoja aliuliza kwa nini mashine yake ikiwaka asubuhi haisumbui, ila akiizima kunywa uji inagoma kuwaka tena. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na wanaume, kwa sababu aliitazama mashine kwa makini na kueleza hatua kwa hatua. Kipindi cha kumjibu ndicho kilichosambaa kuliko vyote, na watu walikuja dukani wakimuulizia yeye, si mimi.

Hapo nitoe angalizo. Sauti ya mteja ni mali yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, mambo ya kuchukua ujumbe wa sauti wa mtu kutoka WhatsApp na kuurusha ovyo yana wenyewe. Hata kama sheria isingekuwepo, ni utovu wa adabu. Namuuliza mtu kwanza, na akikataa nalisema swali lake kwa mdomo wangu bila jina wala kijiji.

Mwenzangu mmoja mwenye duka jirani alinijia akicheka: “Unawafundisha kuosha kichujio na kubadili plagi wenyewe, wewe utakula nini?” Ni swali la haki, na sitamjibu kwa maneno matamu. Hela ya kazi ndogondogo imepungua kweli. Lakini mwezi wa sita na wa saba foleni ya mashine inatoka nje hadi barabarani, na nusu ya siku ilikuwa inaishia kuosha vichujio vya sponji kwa sabuni, kazi ya hela ya soda, huku mwenye pistoni na ringi zilizokufa anasubiri na maua yake yanaliwa na ubwiriunga. Mwenye kazi kubwa akisubiri sana anakwenda kwa fundi mwingine. Sasa anayekuja, anakuja na tatizo la kweli, na wengi wanalitaja kwa jina lake. Anayetaka kichujio anasema kichujio, na spea ananunua kwangu, maana ndiye aliyemwambia ipi inafaa. Pia kile kipindi cha kuhifadhi mashine, cha kumwaga petroli yote, kuiwasha hadi izimike yenyewe na kukung'uta salfa kabla haijala chuma, nakituma wakati wa minada, hela zikiwa mkononi. Wapo wanaoona ni heri kuileta ifanyiwe kazi mapema kuliko kusubiri kiangazi. Kwa fundi, kazi ya mwezi wa kumi na mbili ni zawadi.

Kuna kundi jingine sikulitegemea kabisa. Wana wa Kusini walioko Dar es Salaam, wenye mikorosho ya urithi huku na wazee wao ndio wanaoisimamia. Hawa ndio wanaonisikiliza kwenye Spotify, programu ya muziki na podikasti ambayo ilianza kupatikana Tanzania mwaka 2021, wakiwa kwenye foleni za Mbagala. Wananipigia: “Fundi, mpitie baba, ile mashine nahisi inapewa oili ya kukadiria.” Wanalipa kwa simu, mimi namtuma kijana na pikipiki. Kwa ajili yao naendelea kuviweka vipindi mtandaoni, ila nakala halisi zote ninazo kwenye kadi na kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Google wenyewe waliifunga programu yao ya podikasti mwaka 2024. Mwenye duka asiyejiwekea nakala asije akalia.

Kuhusu takwimu za wasikilizaji, nawasihi wenzangu wasilewe. Tarakimu nyingi zinazooneshwa ni za mafaili yaliyopakuliwa, na faili likishashuka kwenye simu limehesabiwa, mtu awe amelisikiliza au amelilaza. Na wale wa kibanda cha stendi hawahesabiwi popote. Mimi nahesabu maswali. Swali la zamani likiacha kuulizwa, kipindi kimefanya kazi.

Kitu kimoja kilinikera na nakisema bila kuwataja wahusika. Msambazaji mmoja wa oili alinipigia akitaka niisifie oili yake ndani ya kipindi, kama vile ni mawazo yangu, na akataja hela nzuri. Nilimwambia nitaitaja kama tangazo la kulipiwa, na nitasema limelipiwa. Hakupiga tena. Msikilizaji wangu akichanganya mafuta kwa kipimo nilichompa na injini ikanoki, ananijua ninapokaa. Ndiyo maana siwezi kuwa na midomo miwili, na sidhani mfanyabiashara yeyote wa mji mdogo anaweza, hata akiwa na midomo minne.

Si kila biashara inahitaji jambo hili. Muuza pweza wa feri anahitaji mteja ajue kwamba mzigo umeingia na bei ni ipi. Ujumbe wa maneno matano unamtosha. Muuza nguo anahitaji picha. Podikasti inamfaa mwenye kitu kinachohitaji kuelezwa baada ya kununuliwa au kabla ya kutumiwa: mwenye duka la pembejeo, fundi wa umeme wa jua, chama cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake hawaelewi riba inavyohesabiwa. Waongoza watalii wa Mikindani nao nawaonea wivu. Wana Boma la Wajerumani, wana mji alikopitia Livingstone mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, na wana bandari ya kale. Mgeni akishalipia chumba anaweza kutumiwa kisa cha dakika kumi akisikilize akiwa bado njiani, na akifika ana maswali tayari. Hawa wangekuwa wa kwanza kufundishwa, lakini semina iliwafundisha kuhoji watu maarufu.

Ninayo maombi kwa wahusika. La kwanza ni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, ada ya leseni ilikuwa shilingi milioni moja kwa mwaka, na habari hiyo ikabaki vichwani mwa watu. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2020, zikarekebishwa tena 2022, lakini mafundi na wenye maduka wengi huku bado wanaogopa ile milioni. Itolewe karatasi moja ya Kiswahili cha sokoni, ibandikwe ofisi za biashara za halmashauri: fundi anayewaeleza wateja wake namna ya kutunza mashine yuko kundi gani, anayesoma habari na siasa yuko kundi gani. Dakika tano mtu amesoma, ameelewa.

La pili ni kwa waandaaji wa semina. Badala ya kuanza na maikrofoni, mtwambie kila mmoja aje na maswali kumi ambayo wateja wake wanayauliza mara kwa mara, yaliyoandikwa kwa maneno yao wenyewe. Asiye na maswali kumi hana kipindi bado, na mtakuwa mmemwokolea mtaji. Mwalikeni na mkulima mmoja mwenye kitochi akae mbele, asikilize kazi zetu, aseme ni dakika ya ngapi amechoka. Na ifanyike huku juu, Newala au Tandahimba, mwezi wa tatu au wa nne. Ukumbi upo, na mihogo ya kuchemsha na chai tutachangia wenyewe. Ila mwezi wa sita msituite, tafadhali. Mtatukuta tumeinamia mashine za watu, na hatutasikia hata simu.

Wako msomaji,
Fundi wa mashine za kupulizia,
Newala, Mtwara.